Mama Balozi Hana Neno

Euphrasie Feruzi hakuwahi kuwa balozi. Jambo hilo amelieleza mwenyewe mara nyingi, sokoni, kanisani, hata matangani, kwenye vilio vya watu asiowajua: alikuwa mshauri wa ubalozi, na balozi alikuwa daima mtu mwingine, mwanamume mwenye kitambi. Watu wa Kasongo humsikiliza kwa adabu mpaka amalize, kisha humwambia, "Tumesikia, Mama Balozi." Cheo cha serikali unaweza kustaafu ukakiacha ofisini. Cheo cha Kasongo unazikwa nacho.

Alizaliwa Wamaza, upande wa Kabambare, katika nyumba ya Feruzi, mchuuzi wa mafuta ya mawese, Mwislamu wa sala tano na wake wawili. Wake hao walikaa katika nyumba mbili zilizotazamana, na walichukiana kwa bidii ambayo kama wangeipeleka shambani wangetajirika. Hawakusemezana. Neno la kuvuka uwanja lilipitia kwa mtoto, na mtoto huyo alikuwa Euphrasie, kwa sababu dada yake mkubwa, Faila, aliikataa kazi hiyo tangu mwanzo. "Mutu akiwa na neno aende aseme yeye mwenyewe," alisema Faila. Alikuwa bado hajaota meno yote ya ukubwani, na tayari alikuwa hivyo.

Euphrasie akaikubali kazi. Mama akisema, "Muambie ule mwanamuke, kuku wake wakirudi hapa nitawachinja," yeye alivuka uwanja akasema, "Mama anasema kuku zako zimenona." Bi mdogo akijibu, "Muambie afunge mudomo," yeye alirudi na habari kwamba bi mdogo anashukuru na anasalimia. Mambo yakaenda hivyo misimu kadhaa, nyumba mbili zikipendana bila kujua. Siku moja wanawake hao wakakutana mtoni, kila mmoja akataka kumshukuru mwenzake kwa maneno mazuri, na uongo wote ukaelea juu. Euphrasie alichapwa na mama yake, kisha akachapwa na bi mdogo, kwa usawa kamili. Lakini wanawake wale walikuwa wameshazoea kusalimiana, na hawakujua tena waache vipi.

Masista wa lise ya Kasongo, sekondari ya wasichana, wakaona mtoto ana kichwa, wakamchukua, wakambatiza, wakampa jina la Euphrasie. Majirani walikwenda kwa Feruzi kuona atavunja nini. Feruzi hakuvunja kitu. "Shule ni ya masista," alisema, "lakini mutoto ni wangu. Wamuite wanavyotaka, mimi nikimuita atakuja." Faila hakwenda lise. Yeye alibaki na mama, akaolewa Kabambare mjini, akazaa, akalima mpunga, akawa Faila zaidi kila mwaka.

Kutoka Kasongo Euphrasie alikwenda Kinshasa, chuo kikuu, na kutoka chuo kikuu akaingia katika kazi ya mambo ya nje. Huko aligundua kwamba kazi aliyochapiwa Wamaza, kumbe kuna watu wanapewa kwayo nyumba, gari na dereva. Alitumwa nchi tatu, mbili kati yake za baridi. Alijifunza kula samaki kwa kisu na uma, kucheka bila kuonyesha meno, na kukataa jambo huku umelikumbatia. Akisema, "Tumelipokea," maana yake ilikuwa hapana. Akisema, "Tumelipokea kwa mikono miwili," maana yake ilikuwa hapana, na msirudi. Wakubwa walimpenda mno. Siku moja wajumbe wa nchi mbili zenye ugomvi waligoma kuingia ukumbini, kila upande ukiona kwamba atakayetangulia kupita mlangoni ndiye aliyeshindwa. Euphrasie akawazungusha nyuma, akawapitisha wote kwa mpigo mmoja mlango wa jikoni, kati ya masufuria na wapishi, wakaingia bila wa kwanza wala wa mwisho. Balozi wake alipewa nishani kwa jambo hilo.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi: hiyo ndiyo ilikuwa dua yake ya asubuhi na ya jioni. Mumewe Michel, mwalimu wa hesabu, Mungu ampumzishe, aliishi naye mpaka kifo bila kugombana hata siku moja. Mara moja tu alilalamika. Alisema amechoka kujiona nchi jirani.

Kisha mama yao akafa, huko Kabambare kwa Faila. Habari zilimkuta Euphrasie katika nchi ya baridi. Alipanda ndege siku ileile, akateremka Kinshasa, akangoja ndege ya Kindu ambayo ilikuwa inangoja mafuta, na kutoka Kindu akasafiri kwa barabara ile ambayo si barabara bali ni kumbukumbu ya barabara. Mama alikuwa amesilimu alipoolewa na Feruzi, na Mwislamu hangoji. Alizikwa alasiri ya siku aliyokufa. Euphrasie alifika akakuta udongo, na juu ya udongo nyayo za kuku.

Watu walitazama atafanya nini. Alifanya vizuri sana. Alisimama wima, hakulia kwa sauti, alisalimia imamu, alisalimia padri aliyekuja kwa heshima yake, kisha akamshika Faila mkono mbele ya watu wote na kumshukuru kwa mazishi yaliyoandaliwa kwa utaratibu mwema. Kabambare nzima ilisema haijaona mtu mwenye adabu kama yule. Faila akaurudisha mkono wake ndani ya kitenge. Baada ya siku chache Euphrasie akarudi kazini.

Alipostaafu alijenga Kasongo. Si Wamaza, si Kabambare: Kasongo, mahali pa kati, kama mtu anayetafuta mji wa mkutano usiompendelea yeyote. Yeye na Faila waliishi kwa amani kamili. Walitumiana mchele, walitumiana salamu za Idi na za Noeli, na hawakuwahi kukaa pamoja zaidi ya muda wa kunywa chai. Mtu akimwuliza Euphrasie kama kuna jambo kati yake na dada yake, alijibu, "Mimi sina neno." Mganga hajigangi.

Na hayo yangeendelea mpaka wote wawili wafe kwa adabu, kama si Sarah-Grâce. Huyu ni binti pekee wa Euphrasie. Alikulia katika nchi zile tatu, akasomea ukunga, akamfuata mama yake Kasongo kwa likizo fupi, na likizo ikamshinda kumaliza. Alipata kazi ya kuzalisha, akapata Kiswahili cha watu, kisha akampata Muhindo, mtu wa Butembo aliyefungua duka Salamabila na kuwauzia wachimba dhahabu makoleo, sabuni na betri. Euphrasie, aliyemlea binti huyo kwa piano na lugha nne, aliposikia neno Salamabila alisema amelipokea. Sarah-Grâce, anayeyajua majibu ya mama yake, akamwambia Muhindo alete wazee.

Mazungumzo ya mahari yalikuwa kazi ya mwisho kubwa ya Mama Balozi. Kwa desturi mama wa binti haketi penye mahari, kwa hiyo msemaji alikuwa Abedi, baba mdogo wa binti, mzee mnene mwenye sauti. Euphrasie alikaa nyuma ya pazia na kukohoa. Akikohoa kwa wepesi, Abedi alilegeza; akikohoa kwa nguvu, Abedi alikaza. Watu wa Butembo, ambao hakuna asiyejua wanavyojua biashara, walitoka pale wakiamini wameshinda, na Abedi akaingia nyuma ya pazia akiamini ameshinda yeye. Siku ya harusi ikapangwa. Ndugu wa Muhindo wakaanza safari yao ndefu kutoka kaskazini. Kilichobaki kilikuwa maji.

Katika nyumba yao bibi harusi hatoki bila maji. Mwanamke mkubwa wa upande wa mama hujaza maji mdomoni na kumpulizia msichana kifuani, na hiyo ndiyo ruhusa ya kwenda kuzaa na kuishi. Lakini mdomo huo hauruhusiwi kukaa juu ya tumbo lenye hasira, wala wanawake wa nyumba wanaosimama hapo hawaruhusiwi kuwa na tumbo kama hilo. Kwa hiyo kwanza maneno hutolewa. Kila mwenye kinyongo hukisema palepale, kwa sauti, kwa jina la mtu, hata kama ni cha sufuria iliyoazimwa ikarudi imetoboka. Neno likishatoka halijibiwi. Linaachwa uwanjani likauke. Anayeficha neno akaacha maji yapite, msichana ndiye atakayelibeba.

Mama alikuwa amekufa, hivyo mwanamke mkubwa alikuwa Faila. Na Faila akatuma ujumbe: "Maji sishiki. Euphrasie iko na neno mu tumbo, na hajalitoa."

"Sina neno," alisema Euphrasie. Akamtuma Abedi Kabambare kwa pikipiki, na kitenge kizuri cha zawadi, kwenda kusema kwamba hana neno. Abedi akarudi na kitenge kilekile na jibu lilelile. Akamtuma tena, mara hii na maelezo marefu zaidi. Lazima isemwe kwamba Abedi hakuwa na haraka ya amani. Kabambare alichinjiwa kuku kama mjumbe, Kasongo alichinjiwa kuku kama mjumbe aliyerudi, na shavu lake lilianza kung'aa. Kila alipofika alisema mazungumzo yanaendelea vizuri.

"Kuna baraka ya padri," Euphrasie akamwambia binti yake hatimaye. "Ile haina masharti."

"Ya padri nitaipata," Sarah-Grâce akajibu. "Lakini bila maji ya mama mukubwa, siolewi, maman. Nimekaa kwa watu maisha yangu yote. Sasa nimepata kwetu, na weye unataka kunipitisha mulango wa jikoni?"

Euphrasie alimtazama akaona hatanii. Ndugu wa Muhindo walikuwa wameshapita Goma. Kama harusi ingevunjika, ingevunjika juu ya mtoto ambaye hakuwa na kosa, na ingevunjika kwa sababu ya mwanamke aliyepatanisha mataifa. Jambo hilo lilimtisha kuliko baridi zote alizopitia. Kesho yake mama na binti wakapanda pikipiki mbili kuelekea Kabambare. Abedi aliachwa Kasongo, na alisikitika kwa moyo wote.

Njiani, huku akirushwa na mashimo na matope yakimpanda mpaka magotini, Euphrasie alitunga hotuba. Ilikuwa nzuri. Ilianza kwa shukrani, ikapita kwenye huzuni, ikaishia kwenye matumaini, na haikumgusa mtu.

Uwanja wa Faila ulikuwa na wanawake wa nyumba wameketi wakimenya karanga. Juu ya kigoda kulikuwa na kikombe cha maji kimefunikwa kisahani. Faila alikuwa amenenepa, amezeeka, na hakusimama.

"Umefika," alisema. "Sema."

"Dada yangu mpendwa," Euphrasie akaanza, "na nyinyi mama zangu wa nyumba hii. Kwanza kabisa nashukuru kwa mapokezi haya. Huenda miaka iliyopita ilitokea kati yetu hali fulani..."

"Hali gani?"

"Hali ya kutofahamiana."

"Nani hakumufahamu nani?"

"Tuseme pande zote..."

"Pande!" Faila akawageukia wanawake. "Munaona pande hapa? Mie naona watu wawili." Akamrudia. "Euphrasie. Iko neno?"

"Sina neno, Faila. Kweli. Sina."

Mmoja wa wanawake akafyonza kwa sauti. Faila hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikiangalia kikombe, akahakikisha kisahani kimekaa sawa, akasema basi, saa ya kula imefika.

Mkeka ukatandikwa. Likaletwa beseni moja la bugali, bakuli la sombe, majani ya mhogo, lenye mawese mekundu juu, na samaki wa kukaushwa. Wanawake wakanawa, wakajipanga kulizunguka beseni, na Sarah-Grâce akajipenyeza katikati yao bila kuulizwa, goti juu ya goti la mtu. Kwa Euphrasie kililetwa kiti. Kisha ikaletwa meza, ikapanguswa, ikawekewa kitambaa cha maua, na juu ya kitambaa sahani ya peke yake, glasi ya peke yake, na uma.

Alikaa. Alichota kidogo kwa uma, akaonja. "Chakula kitamu sana," alisema, kwa sauti aliyowaambia nayo wake za marais. Mkekani walikuwa wananyang'anyana mkia wa samaki na kucheka, na Sarah-Grâce, mtoto wa piano, alikuwa na mafuta mpaka kwenye kiwiko.

Euphrasie aliutazama uma. Ulikuwa mpya, bado una alama ya gundi ya bei ya dukani. Mtu alikwenda kuununua kwa ajili yake. Mtu alifikiri: anakuja mgeni, na sisi hatuna uma. Wivu ulimshika, wivu wa wazi kama wa mtoto, na nyuma ya wivu kikaja kitu kingine alichokuwa amekikalia muda mrefu mpaka akakisahau umbo lake.

"Munanipa uma?" alisema.

Mikono mkekani ikasimama.

"Mie? Munanipa uma mie? Nimezaliwa kwa nani? Nilikula na nini Wamaza, nilikula na kijiko cha fedha?" Alikuwa amesimama, na sauti iliyotoka hakuijua, ilikuwa kubwa, ya kike, ya uwanjani, sauti ya mama yao siku za kuku. "Mulimuzika mama bila mie! Nilikuwa njiani! Mulijua niko njiani! Mulishindwa kungoja siku moja? Siku moja tu, Faila!"

"Dini haingoji ndege," akasema mwanamke mmoja kwa upole.

"Najua! Najua haingoji! Nani hajui? Lakini mie nilitaka mungoje!" Aliupiga uma mezani. "Nilitaka munifungulie sura yake. Weye ulimuosha. Weye ulimufunga sanda. Weye ulikuwa naye kila siku, kila siku, na hata ile ya mwisho ukaichukua weye. Mie nilikuta kuku! Kuku wanatembea juu ya mama!"

Halikuwa neno la haki, na alijua hivyo alipokuwa akilisema. Hakuna mtu ambaye angeweza kulitetea mbele ya kikao chochote. Lilitoka lote, na lilipokwisha akaketi chini, si kwenye kiti, bali mavumbini, akalia kwa mdomo wazi, kilio ambacho Kabambare ilikuwa imekingoja tangu siku ile kaburini. Wanawake hawakumbembeleza. Sarah-Grâce alitaka kusimama, wakamshika nguo akakaa.

Faila alingoja mpaka kilio kikapungua. "Sasa langu," alisema. "Ile siku ulinishika mukono mbele ya watu, ukaniambia asante. Asante kwa kumuzika mama. Asante ya nini? Mama alikuwa wangu peke yangu? Mutu wa kushukuru kwenye kilio ni mugeni, Euphrasie. Mie nilikungoja siku zote zile. Nilikuwa sijalia. Nilisema, atafika mudogo wangu, tutaanguka pamoja. Ukafika, ukanipa mukono kama unampa mukubwa wa serikali, na mie kilio changu nikabaki nacho mpaka leo. Uma huo nilinunua mie. Nilitaka uone vile mutu anajisikia."

Euphrasie alifungua mdomo. Alikuwa na majibu matatu mazuri, yote ya kweli. Lakini neno lililotoka halijibiwi. Akaufunga.

Faila akafunua kikombe. Alijaza maji mdomoni mpaka mashavu yakavimba, akamwita Sarah-Grâce kwa kidole, na msichana akapiga magoti mbele yake na mafuta yake ya sombe mikononi. Maji yakampata kifuani na shingoni. Wanawake wakapiga vigelegele. Sarah-Grâce alikuwa analia na kucheka, akisema kwa Kifaransa kwamba yalikuwa baridi. Kisha Faila akajaza tena, akageuka, na kabla Euphrasie hajajua kinachokuja, akampulizia yeye usoni, yote, mpaka kwenye nywele alizosukwa Kasongo kwa ajili ya harusi. Hilo halimo katika desturi. Wanawake walicheka mpaka mmoja akashika mbavu.

Kiti kiliondolewa, na meza, na kitambaa. Wakasogea. Euphrasie akaingia kati ya Faila na mwanamke asiyemjua jina, akanawa, akakata tonge, akalichovya, akala. Akatafuna polepole. Akachovya tena, kuhakikisha.

"Faila," alisema, maji yakimtiririka bado kidevuni, "hii sombe umezidisha chumvi."

Sarah-Grâce akamtazama mama yake kama mtu ambaye hajapata kumwona. Faila alimeza tonge lake bila haraka, akaramba kidole gumba.

"Kesho utapika weye," alisema.